Kalibu ya Mjomba Mbwana

Mjomba wangu Mbwana hanunui kitu bila kukikosoa, na hakosoi kitu bila kukinunua. Ndiyo maana nyumba yake ya Makorora ina pampu za baiskeli zisizojaza upepo, mizani isiyokubali mzigo wa chini ya kilo mbili, na feni ya meza ambayo mkaza mjomba anaitumia kuanikia vitambaa. Alistaafu akiwa fundi wa vyuma karakana ya reli hapa Tanga, na mpaka leo mtu akipita na koleo mkononi hana budi kueleza amelinunua wapi na kwa nini amelishika vile.

Mimi mpwa wake navua kwa mshipi, na chanzo cha mkasa wote ni chubwi, kile kizito kinachozamisha ndoana. Sisi tunaovua hivyo tunajua kwamba mwamba haurudishi kitu. Unatupa mshipi kando ya kisiwa cha Toten, au unasogea na ngalawa upande wa Ulenge, ndoana inanasa kwenye mawe, unavuta, mshipi unakatika, chubwi inabaki chini samaki wanaitazama. Kila siku kununua nyingine huwezi. Wengi tunajitengenezea: unayeyusha risasi kwenye kopo la maziwa, unabonyeza kidole gumba mchangani, unachomeka msumari katikati ili pabaki tundu, unamimina, halafu unasogea mbali, maana mchanga wenye unyevu hutema.

Mjomba alinikuta katika kazi hiyo uani kwake. Akangoja moja ipoe, akaiokota, akaigeuza geuza.

"Hii ni chubwi au ni jino la kiboko?"

"Inazama, mjomba."

"Hata mimi ukinitupa nitazama. Mpwa wangu, ulimwengu una kalibu. Kwa nini unazaa vitu gizani?"

Akavuta kigoda. Mjomba akivuta kigoda ujue umekwisha. Nikapewa somo zima la kalibu, yaani vyombo vya kumiminia risasi iliyoyeyuka ipate umbo. Za chuma, akasema, ndizo za kudumu, zinashika joto, utamwachia mjukuu. Lakini kwa upepo huu wa bahari ukilala bila kuipaka mafuta unaamka na kutu. Za shaba ni tamu, zinapokea moto sawasawa, ila ni nzito na bei yake utauza ngalawa ndipo ukatengeneze chubwi za kuvulia bila ngalawa. Za alumini ni nyepesi, zinapata moto upesi na risasi haizigandi. Ubaya wake ni ulaini, ukizigonga na nyundo umezimaliza. Halafu kuna suala la mashimo. Shimo moja utakesha. Mashimo sita unahitaji mkono wa mbeba mizigo bandarini na moto wa karakana, siyo jiko la mkaa.

"Kwa mtu anayeanza," akamaliza, "alumini, mashimo mawili. Basi."

Nikasema ahsante mjomba, nikidhani mazungumzo yamekwisha. Kesho yake asubuhi kengele ya baiskeli ikalia mlangoni.

Tukaenda Ngamiani, mitaa ile inayoitwa kwa namba, Barabara ya 1 mpaka ya 21, kwa kijana mmoja anayeuza vyombo vya kontena. Siitaji ni barabara ya ngapi kwa sababu kijana mwenyewe hana kosa, aliuza alichokuwa nacho. Alikuwa na mashine ya kukatia majani isiyo na injini. Alikuwa na viatu vya kutelezea kwenye barafu, jozi mbili, hapa Tanga, mwezi wa pili. Chini ya viatu hivyo kulikuwa na dude la alumini lenye vipini viwili vya mbao, linafunguka na kufunga, juu yake kibati kinachozunguka chenye matundu.

Mjomba alilishika kwa mikono miwili, akanyamaza. Sijamwona akinyamaza hivyo tangu mazishi ya bibi.

"Hiyo ya pipi, mzee," kijana akasema. "Unamimina sukari humo, unafungua, pipi hiyo."

"Pipi!" Mjomba akalifungua. Ndani mlikuwa na mashimo mawili yanayofanana, marefu kiasi, mviringo upande mmoja, bapa upande wa pili, yenye vifereji kiunoni. "Unaona kibati hiki? Unamimina kupitia tundu, ikiganda unakigonga na kijiti, kinazunguka na kukata shina. Inatoka safi. Hii ni kazi ya mtu mwenye akili. Pipi haikatwi shina."

Ubavuni palikuwa na namba zimegongwa: 452, na kando yake 230. Kijana akasema 452 ni namba ya simu ya kiwandani. Mjomba akasema hakuna kiwanda chenye simu ya tarakimu tatu. Kijana akasema basi 230 ni volti.

"Volti? Waya uko wapi?"

"Labda ulikatika, mzee."

Mjomba akafumba macho, akahesabu moyoni, akayafumbua yanang'aa. "Bati linayeyuka nyuzi 232! Aliyeitengeneza aliacha mbili kwa usalama. Kalibu hii ni ya bati na risasi. Na vifereji hivi," hapo sauti ikashuka, "ni vya kufungia mshipi. Mpwa wangu, Mzungu aliwafikiria wavuvi."

Nikauliza, kama ni ya chubwi, tundu la katikati liko wapi? Akanitazama kwa huruma. Chenye kifereji kitatobolewa cha nini? Kijana alianzia elfu arobaini. Wakamalizana kwa elfu kumi na tano na pampu moja ya baiskeli.

*

Kuhusu usalama, sina la kumlaumu mzee. Alinikataza kandambili, nikavaa buti zake za reli zilizonipwaya. Yeye alivaa glavu za ngozi na miwani ya kuchomelea. Nilipopendekeza tuvunje betri ya gari iliyokuwa imelala ukutani, alikataa katakata: betri ina asidi na sumu juu ya sumu, na yeye hakusudii kufa kwa ajili ya changu. Tukaenda kwa mafundi wa matairi, wakatupa vile vipande vya risasi wanavyobandika kwenye rimu kubalansi gurudumu. Mjomba alikwaruza kila kimoja na msumari. Kilichokuwa kigumu alikitupa.

"Zinki hiyo. Inataka nyuzi 419, risasi inataka 327. Ukiona kipande kinaelea wakati wenzake wameyeyuka, kitoe haraka kabla hakijaharibu sufuria nzima."

Sufuria nzima ilikuwa karai la chuma la mkaza mjomba. Karai la maandazi. Mjomba aliliazima kwa utaratibu wake wa kawaida wa kuazima, yaani mwenye chombo akiwa sokoni.

Tukawasha mkaa chini ya mwembe, nje, upepo ukipeleka moshi mbali nasi. Kalibu ikafukizwa masizi ya koroboi ndani ya mashimo ili risasi iteleze. Akatia kipande cha lehemu karaini ili bati lake lisaidie kujaza pembe. Akachota, akamimina, akagonga kibati, akafungua. Zikatoka mbili zenye mikunjo, hazikujaa.

"Kalibu bado baridi," akasema bila wasiwasi, akazirudisha karaini. Akamimina tena, na tena. Halafu ghafla zikaanza kutoka zinang'aa, laini, nzuri kupita kiasi. Niseme kweli, nilisisimka. Nilizipanga kwenye kitambaa, ncha juu, safu kwa safu, na hata hapo, wallahi, hakuna aliyewaza lolote. Umbo la kitu linategemea unakitafutia nini.

Kisha kunguru akaja.

Kunguru wa pwani hii hawana adabu, hilo wote tunalijua. Huyu alikuwa na utumbo wa samaki mdomoni, mbichi, unatiririka maji, na alichagua tawi lililo juu ya karai. Mwenzake akamwingilia, wakagombana, utumbo ukaanguka.

Maji yakiingia ndani ya risasi iliyoyeyuka hayapati nafasi ya kuchemka. Yanageuka mvuke wote kwa mara moja na kuirusha nje. Mlio wake ni mdogo, lakini nilijikuta nimeshafika barabarani na buti moja. Niliporudi, Mjomba alikuwa amesimama palepale, mzima, miwani imepakwa fedha, akisema, "Ndiyo maana nilikukataza kandambili." Shina la mwembe lilikuwa na madoa yanayong'aa. Doti mpya ya kanga ya mkaza mjomba, iliyokuwa kwenye kamba, nayo ilikuwa na madoa yanayong'aa. Jirani mmoja alimwuliza baadaye kanga ile kainunua duka gani.

Mkaza mjomba alirudi, akatazama kanga, akatazama karai.

"Baba Mwanaidi, hilo ni karai langu?"

"Lilikuwa."

"Nitapikia nini maandazi?"

"Humu hupiki tena chochote, mama. Risasi ni sumu, hata ukiliosha kwa jivu mwaka mzima." Hapo mzee alikuwa sahihi kabisa, na usahihi wake ndio uliomponza, maana alilala barazani. Sisi wengine tulihamishia kazi chini ya banda la bati, kunguru wasikofika.

*

Chubwi zikaenda Dipsi, kwenye soko la samaki, kuuzwa. Wavuvi wa kolekole walicheka. Huko nje kwenye mkondo wa Pemba unahitaji kitu cha nusu kilo, na hizi, tulipozipima kwa sonara, kila moja ilikuwa gramu 15. "Mzee Mbwana, tufunge ngapi? Tusali kabisa?" Lakini wanaovua tasi na changu ufukweni walizipenda kwa sababu hazina pembe, hazinasi ovyo. Watoto wanaovua vibua kwenye mawe wakawa wateja wakubwa, wananunua moja moja kwa mkopo. Vifereji vilishika mshipi vizuri kuliko tundu lolote nililowahi kutoboa, nasema hivyo na roho inaniuma.

Sasa moja ikaanguka njiani. Ikakanyagwa na bodaboda, ikaingia tope, ikapoteza mng'ao, na ikaokotwa na jirani yetu Mwalimu, mstaafu, aliyesomesha historia mpaka wanafunzi wakastaafu kabla yake.

Jioni ile kijiweni, kahawa ikizunguka na kashata, Mwalimu alifungua leso yake.

"Mabwana. Mnajua hiki ni nini?"

Wengine wakasema kifungo. Mwalimu akatoa rula. "Milimita kumi na moja na ushei. Sasa nisikilizeni. Novemba 1914 Waingereza walishuka Raskazone na jeshi la watu kama elfu nane, wengi wao kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa na watu wapatao elfu moja. Wakapigana siku mbili tatu, nyuki wakatoka mizingani wakawatandika, Mwingereza akarudi melini. Hayo mnayajua, kila mtu anajua nyuki. Lakini mnajua askari wengi wa Mjerumani walikuwa wanashika bunduki gani? Mauser ya 1871! Ya zamani, inatoa moshi mzito, kipenyo chake milimita ngapi?"

Kimya.

"Kumi na moja!"

Nikasema, "Shikamoo Mwalimu, hiyo ni chubwi. Mjomba anazitengeneza."

"Marahaba. Kaa chini, mwanangu."

Akaendelea. Mwingereza aliacha nyuma bunduki 455 na risasi laki sita. "Laki sita, mabwana! Mnadhani zote ziliokotwa?" Nikataka kusema kwamba zilizoachwa ni za Mwingereza na aliyonayo yeye kaipa Mjerumani, lakini baraza lilikuwa limeshachemka. Maana mtu wa Tanga ukimtajia Mjerumani hasikii risasi, anasikia mali. Kila aliyekaa pale ana mjomba wake aliyejua mtu aliyeonyeshwa ramani. Mmoja akaleta habari za zile sarafu za dhahabu za rupia 15 zilizopigwa Tabora 1916. Mwingine akauliza, polepole, hivi Mzee Mbwana anafukiza nini usiku chini ya lile banda?

"Anayeyusha risasi," nikasema.

"Anayeyusha," wakaitikiana. Neno la pili hawakulisikia.

Kuanzia hapo nikawa mtu mashuhuri. Watu wasionijua walinilipia chai. Fundi cherehani aliniambia kwa siri kwamba yeye hataki mengi. Kila aliyeniuliza nilimjibu ni chubwi, naye alinibonyezea jicho: "Haya bwana, chubwi." Mjomba alipoambiwa kwamba mtaani wanasema amefukua hazina ya Mjerumani, alikasirika, lakini kwa sababu yake mwenyewe: alisema mafundi wa Kijerumani walioanza reli ya hapa 1893 hawakuwa watu wa kuzika vitu ovyo, wangeacha alama na namba.

*

Waliokuja walikuja usiku, watatu, pamoja na mganga. Uani kwa Mjomba, karibu na mwembe, kuna mahali ukipiga mguu panavuma. Mganga alifukiza ubani, akapiga mguu, pakavuma, akasema hapa. Na kweli mahali pale pamefukiwa kitu cha zamani. Mtu yeyote wa nyumba ile angewaambia bure. Ni choo cha shimo kilichofungwa zamani, nyumba ilipopata choo cha maji, kikafunikwa kwa magogo, mabati na udongo. Magogo yameshaoza.

Sisi tuliamshwa na sauti ya kuvunjika, kisha kishindo laini, kisha mbio za watu kadhaa. Waja leo waondoka leo, na wale waliondoka kabla leo haijaisha. Mganga aliacha kuku wake mweusi, ambaye yupo mpaka sasa na anataga.

Mkaza mjomba ndiye aliyetoka kwanza na tochi. Akasikia sauti chini ya ardhi. Mwanamke yule ana moyo. Wengine tungeanza kusoma Ayatul Kursiyu. Yeye akauliza:

"Nani yuko chooni?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini humo saa nane za usiku?"

Kimya kidogo. "Rupia."

"Umezipata?"

"Bado, mama."

Mjomba akafika, akamulika, akakagua kingo za shimo, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba wamechimba vibaya, walitakiwa waweke mbao pembeni. Tukamtoa kijana kwa kamba ya katani. Kimo cha shimo kilikuwa cha mtu na nusu, na kwa rehema ya Mungu yaliyokuwemo yalishakuwa udongo zamani, ingawa siyo yote. Tulimwogesha kwa ndoo, kwa mbali, kwa kurusha. Mjomba akampa shati. Katikati ya shughuli hiyo majirani wakaanza kupiga kelele za mwizi, kwa kuchelewa lakini kwa juhudi, na gari la doria likasimama mlangoni.

Askari wawili. Wakamsikiliza Mjomba, wakamtazama kijana aliyelowa, wakaanza kucheka. Tulikuwa tumekwisha pona. Kisha tochi ya mmoja ikateleza mpaka chini ya banda, ikatua juu ya ndoo.

Ndoo ilikuwa imejaa. Zilikuwa za oda ya wiki ile.

Yule askari hakucheka tena. "Mzee. Hizi nini?"

"Chubwi," akasema Mjomba kwa fahari. "Ngoja nikuonyeshe na kalibu yake."

*

Kituoni tulifika kundi zima: mimi, Mjomba, ndoo, kalibu, kijana wa rupia, na asubuhi akaongezeka Mwalimu, ambaye hakuitwa na mtu. Afande aliyesomea silaha aliingia saa mbili. Alikuwa mtu mpole, wa makamo. Alichukua kalibu, akaifungua, akaigeuza ubavuni, akasoma namba. Akatabasamu kidogo.

"Mzee, hii umeipata wapi?"

"Mitumba."

"Unajua 452 ni nini? Ni kipenyo. Sehemu za elfu za inchi, milimita kumi na moja na nusu. Na 230 ni uzito, wanapima kwa grein. Ukizipiga hesabu ni gramu 15."

"Gramu 15!" nikaropoka. "Ndivyo sonara alivyosema."

"Hiki ni kichwa cha risasi ya bastola. Fotifaivu ya Kimarekani, iliingia jeshini kwao 1911."

Mwalimu akasimama. "1911! Kabla ya 1914! Nilisema!"

"Mwalimu, kaa. Ya Mauser unayoisema ina gramu 25, ni ndefu kuliko hii."

"Inawezekana imelika, miaka mingi."

Afande akaendelea kwa subira ambayo sisi hatukustahili. Kule Marekani, akasema, kuna watu wengi wanajimiminia vichwa vya risasi nyumbani, kwa kulenga shabaha. Wanaokota maganda yao yaliyokwisha kupigwa, wanatia fataki mpya na baruti, wanasukumia kichwa kama hiki. Inawapunguzia gharama, na wengine wanapenda tu ile kazi. Kwao ni burudani ya Jumamosi. Hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mtu hakai chini ya mwembe akaanza kutengeneza bila leseni.

"Ganda unalo, mzee?"

"Ganda la nini?"

"Baruti? Fataki?"

"Nina mshipi na ndoana."

Afande akaokota moja kutoka kwenye ndoo. Ilikuwa imekwisha kufungwa mshipi kwenye kifereji, fundo zuri la Mjomba, tayari kwa mteja. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hivi vifereji," akasema, "ni vya kujazia nta, ili risasi isigande kwenye mtutu."

Hapo ndipo Mjomba alipoumia. Kukamatwa hakukumsumbua, kulala macho hakukumsumbua. Lakini kuambiwa vifereji si vya mshipi! Akabisha. Akauliza kama Afande amewahi kuvua. Afande akasema mara mojamoja, Jumapili. Basi jaribu, Mjomba akamwambia, funga hapo, vuta, uone kama linachomoka. Afande akavuta. Halikuchomoka. Akavuta tena, akiwa ameegemeza goti kwenye meza. Mwenzake wa zamu aliingia, akaona, akatoka.

"Na kwa nini alumini?" Afande akauliza, nadhani kwa kutaka tu kubadili mazungumzo. "Mashimo mawili? Umeelekezwa na mtu?"

"Akili yangu."

"Maana kule kwao anayeanza huambiwa hivyohivyo. Alumini, mashimo mawili. Bei ndogo, inapata moto haraka, haimchoshi."

Mjomba aligeuka taratibu, kiti kikalia. "Umesikia?" akaniambia. "Umesikia, mpwa wangu? Na Marekani wanasema hivyohivyo."

Tuliandika maelezo. Yangu yalikuwa mafupi. Ya Mjomba yalihitaji karatasi ya ziada, kwa sababu ya mchoro. Kijana wa rupia alisamehewa na mkaza mjomba, kwa sharti kwamba afukie shimo lote kwa mkono wake, na Mwalimu asimame pale kumsimulia historia mpaka amalize. Kalibu ilibaki kituoni. Zile chubwi ziliagizwa zipondwe pondwe kwa nyundo mbele ya askari, na Mjomba alizigonga moja moja, kila moja akiitazama kwanza. Risasi iliyopondwa turudishiwe, hiyo si kosa.

Mlangoni aliagana na Afande kwa mikono miwili.

"Samahani, Afande. Mkija kukamata nyingine, ya nusu kilo, yenye tundu katikati, tafadhali mnikumbuke."

"Mzee, nenda nyumbani."

"Ya shaba pia sitakataa."